Kwa Nini Mkaguzi Huanza na Mama Mandazi

Kwenye ukuta wa hoteli ya shangazi yangu kuna msumari mmoja na karatasi sita. Nikisema hoteli namaanisha hizi zetu: meza nne, mabenchi, chai, mandazi, chapati kwa maharagwe, na siku ya soko matumbo. Karatasi ya kwanza ni kibali cha biashara. Ya pili ni leseni ya usafi wa chakula. Ya tatu na ya nne ni vyeti vya afya, kimoja chake na kingine cha msichana anayemsaidia kupika. Ya tano ni ya mambo ya moto. Ya sita ni ya muziki, kwa sababu ya redio ndogo iliyo juu ya kabati, ambayo siku nyingi hushika stesheni moja tu, tena ya mahubiri.

Nilipoacha chuo nilikaa naye karibu mwaka mzima, nikiosha vyombo na kuandika madeni ya wateja kwenye daftari. Hapo ndipo nilijua kwamba ukaguzi uko ukutani. Mkaguzi akiingia, macho yake huenda moja kwa moja kwa ule msumari. "Mama, lete makaratasi tuone." Shangazi humwambia, "Karibu daktari," anapangusa mikono kwa leso, anateremsha karatasi, zinahesabiwa. Ikikosekana moja, kuna mazungumzo. Zikitimia, kuna chai. Mwaka huo wote sikusikia mkaguzi hata mmoja akiuliza swali ambalo mimi, mwosha vyombo tu, ningeanza nalo: haya maji mnayopikia yanatoka wapi?

Yalitoka kwa mkokoteni, kwa mitungi ya lita ishirini, na mwenye mkokoteni aliyateka mahali ambapo hatukupajua. Msimu wa mvua watu wa mtaa wakaanza kuhara. Amri ikatoka: hoteli zote ndogo zifungwe. Wiki mbili. Ya shangazi yenye karatasi sita ikafungwa sawasawa na zile zisizo na karatasi hata moja. Mwenye mkokoteni akaendelea kuuza maji, maana yeye hakuwa na mlango wa kutiwa kufuli. Mji wenyewe siutaji, na ofisi siitaji, kwa sababu sidhani walikuwa wabaya kuliko wengine. Lakini nilianza kusoma historia ya ukaguzi kwa hasira ya wiki zile mbili, na ninayoandika hapa ndiyo niliyoyapata.

Wataalamu wa mambo ya sheria na biashara wana jina la kitu ambacho shangazi hakukipata. Wanakiita ukaguzi unaozingatia hatari. Wazo lenyewe si gumu. Wakaguzi ni wachache, biashara ni nyingi, na hakuna siku watatosha. Basi kabla hujatoka ofisini jiulize maswali mawili. Mambo yakiharibika mahali hapa, wataumia watu wangapi, na wataumia kiasi gani? Na uwezekano wa kuharibika ni mkubwa au mdogo? Pale ambapo majibu yote mawili yanatisha, nenda mara nyingi, nenda bila kupiga simu. Pale ambapo ni madogo, na mwenye biashara ana rekodi nzuri, mwache afanye kazi. Hata mtoto wa kuchunga mbuzi anajua ni mbuzi yupi wa kukaziwa macho karibu na shamba la jirani.

Wazo hili huelezwa kama kitu kipya, cha semina na kompyuta. Si kipya. Limezaliwa zaidi ya mara moja, na wazazi wake hawafanani.

Mzazi wa kwanza ni uchache. Mwaka 1833 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya viwanda vya nguo. Watoto wa chini ya miaka 9 wasiajiriwe kwenye viwanda vingi vya nguo, na wale wa miaka 9 hadi 13 wasizidishe saa 9 kwa siku. Sheria za namna hiyo zilikuwa zimeshajaribiwa, 1802 na 1819, lakini kazi ya kuzisimamia iliachiwa watu wa palepale, ambao walikula meza moja na wenye viwanda. Safari hii serikali iliajiri wakaguzi wake yenyewe. Waliajiriwa wangapi? Wanne. Viwanda vilikuwa karibu 3,000.

Piga hesabu mwenyewe. Watu wanne, viwanda elfu tatu, na usafiri wa farasi. Mmoja wao, Leonard Horner, alikuwa mtaalamu wa miamba, na alidumu kwenye kazi hiyo hadi 1859. Hata umri wa mtoto ulikuwa fumbo, kwa sababu Uingereza na Wales walianza kuandikisha vizazi kitaifa mwaka 1837, kwa hiyo daktari alimtazama mtoto na kukisia. Mkaguzi wa namna hii hawezi kukagua kila mahali. Lazima achague. Na ukishakubali kwamba anachagua, kuchagua kwenyewe ndiko kunakuwa ukaguzi. Kitu kimoja kiliwasaidia: ripoti zao zilichapishwa na kuwekwa mbele ya Bunge, kila mtu azisome. Karl Marx alizisoma kwelikweli, na akazitumia sana alipoandika Das Kapital. Kumbuka hilo la kuchapisha, nitalirudia.

Mzazi wa pili ni chakula cha wanaanga. Miaka ya 1960 kampuni ya unga ya Pillsbury ilipewa kazi, pamoja na NASA na maabara ya jeshi la Marekani, ya kutengeneza chakula ambacho hakiwezi kumpa mtu ugonjwa wa tumbo akiwa angani. Ukitaka kuwa na hakika kwa kupima chakula kilichokamilika, utafungua karibu pakiti zote na hakutabaki cha kula. Kwa hiyo waligeuza swali. Badala ya kuuliza "je, chakula hiki ni kizuri?" waliuliza "uchafu unaweza kuingilia wapi?" Maji. Mikono. Joto la sufuria. Muda ambao nyama inakaa nje. Wakaweka macho kwenye milango hiyo tu. Mwaka 1993 tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, Codex, ilitoa mwongozo wa mfumo huo, na nchi nyingi zikaufuata.

Kenya tuliujua mfumo huu kwa njia ya uchungu. Kati ya 1997 na 2000 Umoja wa Ulaya uliweka vikwazo zaidi ya mara moja dhidi ya samaki wa Ziwa Victoria, mara kwa sababu ya salmonela, mara kipindupindu, mara hofu kwamba kuna watu wanavua kwa sumu. Mbuta hakuuzika. Viwanda vya Kisumu vilisimama au vikapunguza watu. Ili soko lifunguliwe, serikali na wenye viwanda walilazimika kubadilisha jinsi ya kukagua: maabara, barafu, sakafu za ufuo pale samaki wanaposhushwa, na maji. Ndiyo, yale maji niliyokuwa nikiyauliza. Kumbe swali hilo lina watu wanaojua kuliuliza, na walikuwa hapahapa nchini. Lilipoulizwa, mlaji alikuwa Ulaya na alikuwa na uwezo wa kufunga soko.

Hao ndio wazazi wazuri. Kuna mwingine, na huyu tunamjua zaidi bila kujua jina lake.

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Miaka mitatu baadaye, 1902, tauni ilitokea kwenye Bazaar, mtaa wa maduka ya Wahindi, na wakubwa wa kikoloni wakaamuru mtaa uchomwe moto. Tauni ikarudi tena miaka iliyofuata. Sisemi ilikuwa uongo. Panya walikuwepo, watu walikufa, na mji uliojengwa kwenye kinamasi bila mitaro ulikuwa ukiuita ugonjwa. Lakini angalia jinsi jibu lilivyotoka. Mwaka 1913 serikali ya Uingereza ilimtuma Profesa William Simpson, mtaalamu wa usafi wa miji aliyekuwa ameshafanya kazi India na Afrika Magharibi, aje achunguze. Pendekezo lake kubwa lilikuwa kuzitenganisha mbari: Wazungu upande wao, Wahindi upande wao, Waafrika upande wao, na nafasi wazi katikati.

Huo nao ni ukaguzi unaozingatia hatari, na ndiyo maana unaniogopesha. Maswali ni yaleyale mawili: madhara kiasi gani, uwezekano kiasi gani. Ila jibu halikutafutwa kwenye mtaro, kwenye ghala la nafaka, au kwenye bajeti ya mji iliyoamua nani ajengewe mfereji na nani asijengewe. Lilitafutwa kwenye sura ya mtu. Hatari ikapewa rangi na anwani. Mwaka 1921 ikaja Sheria ya Afya ya Umma, ambayo pamoja na marekebisho yake bado iko vitabuni mwetu. Mwaka 1923 waraka wa Devonshire uliachana na ubaguzi wa makazi wa kisheria mijini, lakini mji ulikuwa umeshajifunza kutazama. Mikataba ya ardhi, sheria ndogo za manispaa na kipande viliendelea na kazi.

Hadithi ya pombe inaonyesha jambo hilo wazi kuliko hadithi nyingine yoyote. Miaka ya 1920 manispaa ya Nairobi ilijenga ukumbi wa pombe Pumwani na kujipa haki ya peke yake ya kutengeneza na kuuza pombe ya Kiafrika. Wanawake waliokuwa wakitengeneza pombe majumbani waliendelea kukamatwa. Pombe ilikuwa ya jamii ileile. Ikiwa kwenye kibuyu cha mwanamke, hatari. Ikiwa kwenye ukumbi wa manispaa, mapato. Nadhani hapa ndipo mambo mawili yaliunganishwa ambayo mpaka leo hatujayatenganisha: kulinda watu na kukusanya pesa. Mkaguzi na mtoza ushuru wakavaa kofia moja.

Uhuru ulikuja na kofia haikuvuliwa. Mwaka 1980 sheria ya kupiga marufuku chang'aa ilipitishwa, na kwa miaka 30 polisi walijua la kufanya Ijumaa jioni: kumtafuta mama pima. Halafu Novemba 2000, Mukuru kwa Njenga na mitaa jirani, watu walikunywa pombe iliyoitwa kumi kumi. Zaidi ya 100 walikufa. Wengine waliamka wakiwa vipofu. Kilichowaua ni methanoli. Methanoli ya kuua watu mia haitoki kwenye mtama uliochachuka ndani ya mtungi. Ni kemikali ya viwandani. Ina mwagizaji, ina ghala, ina pipa, ina gari lililoibeba. Kama kuna mahali pa kuweka mkaguzi, ni kwenye njia hiyo, ambayo ina milango michache. Sisi tuliweka nguvu kwenye milango elfu kumi ya mwisho.

Mwaka 2010 sheria mpya ya vileo ilihalalisha chang'aa kwa masharti, pamoja na kufungwa kwenye chupa za glasi. Vifo havikuisha. Mei 2014 watu wengi walikufa katika kaunti kadhaa ndani ya siku chache. Februari 2024, Kirinyaga, wasiopungua 17 walikufa, na serikali yenyewe ikasema pombe hiyo ilikuwa imeshakamatwa na kuhifadhiwa kituoni kama kielelezo cha kesi, kisha ikatoka. Yaani hatari ilikuwa imeshapatikana. Ilikuwa imeshafungiwa. Ikarudi mtaani kupitia mlango wa waliotumwa kuifungia.

Kabla sijaendelea na hilo, turudi kidogo nyuma, kwa sababu kuna mahali tungeweza kukata kona. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu ajira Kenya, ile iliyoipa dunia neno sekta isiyo rasmi. Waliozunguka hapa kuiandika waliwaona mafundi, wachuuzi, akina mama wa chakula, na wakasema hawa si uchafu wa mji, hawa ni uchumi. Wakapendekeza leseni zisizo na kazi ziondolewe, na mahali pake pawekwe ukaguzi wa afya na usalama. Soma tena hiyo sentensi. Mwaka 1972 mtu alishasema: acheni karatasi, angalieni maji.

Serikali iliijibu ripoti ile kwa waraka wake mwaka 1973, na mengine ikayakubali kwa maandishi. Mwaka 1985 Rais Moi alitembelea mafundi wa Kamukunji, wakajengewa vibanda, na jua kali likawa neno la serikali. Lakini leseni ziliendelea kuzaana. Mwaka 1999 ukaanzishwa mfumo wa kibali kimoja cha biashara cha serikali za mitaa, ili mtu asizungushwe madirishani. Miaka michache baadaye, kamati ya serikali ilipoketi kuhesabu leseni zote zinazodaiwa wafanyabiashara Kenya, ilikuta zaidi ya 1,300. Mamia zilifutwa au kurahisishwa. Halafu zikaja kaunti 47 mwaka 2013, kila moja na bunge lake, na kila moja na sheria yake ya fedha.

Kwa nini haziishi? Si kwa sababu watu wa ofisini ni wajinga. Ni kwa sababu leseni huleta pesa na kuangalia maji hakuleti. Mkaguzi akitumia siku nzima kufuata mkokoteni mpaka kwenye chanzo cha maji, jioni atarudi na nini? Na ripoti. Akipita hoteli ishirini akihesabu karatasi, atarudi na risiti, na mkubwa wake atakuwa na kitu cha kuonyesha. Mahali palipo na hatari kubwa, gharama ya kuingia ni kubwa: kuna wakili, kuna mlinzi getini, kuna simu kutoka juu. Kwa shangazi hakuna geti. Kuna pazia.

Wenzetu Waingereza waliposhtuka, walishtuka kwa upande wao. Mwaka 2004 waziri wa fedha Gordon Brown alimwagiza Philip Hampton, mfanyabiashara mkubwa ambaye mwaka huohuo alikuwa mwenyekiti wa maduka ya Sainsbury's, aangalie mzigo wa ukaguzi. Ripoti yake ilitoka Machi 2005. Ilikuta wadhibiti wa kitaifa 63, serikali za mitaa 468, na ukaguzi zaidi ya milioni 3 kwa mwaka. Akasema: pasiwe na ukaguzi bila sababu, na sababu iwe hatari. Ripoti hiyo ndiyo iliyozunguka dunia, na watu wa benki na mashirika ya misaada wakaibeba mpaka kwetu. Nimeisoma, na mambo mengi ndani yake ningeyaweka saini. Ingemkomboa shangazi na karatasi nne kati ya sita.

Lakini Septemba 2007, miaka miwili na nusu tu baadaye, watu walipanga foleni barabarani nje ya matawi ya benki ya Northern Rock kutoa pesa zao. Uingereza haikuwa imeona foleni kama hizo kwenye benki kubwa tangu karne ya 19. Mdhibiti wa fedha alikuwa akitumia mfumo wa hatari, tena mmoja wa ile iliyosifiwa. Na katika mfumo huo Northern Rock iliwekwa kwenye mzunguko wa kukaguliwa kwa kina mara moja kila miezi 36. Benki ilikuwa ikikua kwa kasi kwa pesa za kukopa za muda mfupi, na mfumo uliitazama ukaona mtulivu. Mwaka 2008 mdhibiti mwenyewe alikiri kwamba usimamizi wake ulikuwa na kasoro kubwa.

Kwa hiyo mfumo wa hatari unaweza kukosea kwa njia mbili, na zote mbili zina historia. Unaweza kumwona maskini ukaona ugonjwa, kama Simpson. Na unaweza kuona jengo la kuvutia lenye vioo ukaona usalama, kama pale London. Makosa haya mawili ni ndugu. Yote mawili yanapima mtu badala ya kupima kazi anayofanya.

Sisi tumeongeza kosa la tatu, na hili ni letu kabisa: kuijua hatari, kuiandika, kisha kuiacha. Aprili 29, 2016, usiku wa mvua kubwa, jengo la ghorofa lilianguka Huruma. Karibu watu 50 walikufa. Maafisa walisema jengo lile lilikuwa limeshatiwa alama libomolewe. Mwaka mmoja kabla, baada ya majengo mengine kuanguka, serikali ilikuwa imeunda kikosi cha kukagua majengo, na kikosi kilifanya hasa kile ambacho vitabu vinataka: kilipita mitaani, kikayagawa majengo kwa daraja, ya hatari kabisa, yasiyo salama, yenye nafuu, salama. Kazi nzuri. Nairobi kila mtu anaijua ile X nyekundu ukutani. Watoto hucheza chini yake. Nguo huanikwa juu yake. Mwenye nyumba huipaka rangi na kodi ya mwezi ujao inalipwa, kwa sababu aliye ndani ya nyumba yenye X hana mahali pengine pa bei ile.

Na Februari 1, 2024, usiku, gari lenye gesi lililipuka kwenye yadi ya kujaza gesi Embakasi, mtaa wa Mradi, katikati ya makazi ya watu. Watu kadhaa walikufa, zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Mamlaka ya kawi ilitoa taarifa kwamba mwaka 2023 ilikuwa imekataa maombi ya kibali cha mahali pale mara tatu. Mara tatu! Sababu moja ilikuwa kwamba nyumba za watu ziko karibu mno. Hapo hesabu ya hatari ilifanywa na ikatoka sahihi. Ofisi ya kawi ilisema hapana kwa karatasi, ofisi ya mazingira ilikuwa imetoa leseni yake, na yadi ikaendelea kujaza gesi.

Fikiria ni mara ngapi mwaka huohuo wa 2023 askari wa kaunti mbalimbali walimwaga sufuria za chai barabarani. Sina hesabu, na huihitaji. Umeona mwenyewe. Lori la kanjo lilipata mafuta, lilipata askari kumi, lilipata alfajiri. Nguvu ya kutekeleza sheria tunayo. Swali ni inaelekezwa wapi.

Kuna watu watasema basi tuache ukaguzi, biashara ijiendeshe. Hapana. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na wilaya jirani, watu 317 waliugua kwa sumu ya kuvu kwenye mahindi na 125 wakafa. Mahindi mengi yalikuwa ya kwao wenyewe, yaliyowekwa yakiwa na unyevu, na wachunguzi walipopima mahindi ya sokoni walikuta mengi yamepita kiwango kinachoruhusiwa. Hakuna leseni iliyokosekana pale. Kilichokosekana ni mtu wa kupita vijijini mapema, na kipimo cha unyevu mkononi, kabla ya gunia kushonwa. Ukaguzi tunauhitaji sana. Tunauhitaji pale ambapo hauna risiti.

Ninachokitaka ni kidogo na nadhani kinawezekana, kwa sababu vipande vyake vyote vimeshawahi kufanyika mahali fulani. Kwanza, kofia zitenganishwe: anayekuja kuangalia jikoni asiwe anayebeba kitabu cha risiti. Ushuru ulipwe kwa simu, kama tunavyolipa kila kitu. Pili, maswali ya Pillsbury yawe ya shangazi pia: maji, mikono, joto, muda. Maswali manne, nusu saa, na mkaguzi aache ushauri kabla ya kuacha kufuli. Tatu, orodha ichapishwe. Kila kaunti iandike mahali pake kumi pa hatari zaidi, majengo, yadi za gesi, visima, maghala ya kemikali, na kando ya kila jina iandikwe lini palitembelewa na nini kilifanyika. Ripoti za akina Horner zilichapishwa zaidi ya miaka 180 iliyopita. Sisi tuna simu mifukoni na bado X ni siri kati ya ukuta na mwenye nyumba. Orodha ikiwa wazi, yule mama wa Huruma angejua anachokikodi, na afisa angejua kwamba tunajua.

Nilimsomea shangazi sehemu ya haya kwa simu. Alinyamaza, nikasikia kikaangio. Kisha akasema, "Wewe mtoto, hayo ya Wazungu sijui. Mimi nilinunua tangi na dawa ya maji kwa pesa yangu baada ya ule ugonjwa. Nilimwambia daktari aje alione. Alisema ataliona siku nyingine."

"Na alikuja?"

"Alikuja Januari. Kibali kilikuwa kimeisha."

Kipya ameshakilipia. Amekitundika kwenye msumari uleule, juu ya cha mwaka jana. Tangi liko nyuma ya nyumba, karibu na kuni, limefunikwa vizuri, na mpaka naandika hivi hakuna mtu wa ofisi aliyezunguka kwenda kulitazama.